Diski Iliyokubali Jina

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuudhi tu, si la kutisha. Diski ya Clifford ya kuhifadhia video ilikubali kunakiliwa vizuri, taa yake ya buluu ikipepesa, faili zikihamia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, mpaka ilipofika asilimia arobaini na saba. Hapo ilijikata. Kompyuta ilitoa ule mlio wake wa kushuka, tu-dum, dirisha likajifunga, na kazi ya nusu saa ikapotea. Mara ya kwanza Okia, fundi mwenye duka, alisonya. Mara ya pili akasonya kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu hakusonya, kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kunuka matope ya mtoni, na Busia ilikuwa haijaona mvua kwa wiki mbili.

Aliinama akatazama chini ya meza. Palikuwa na vumbi, nyaya na kifuniko cha soda. Akainuka akijicheka. Mchana ule jua lilikuwa utosini, malori yamejipanga nje yakisubiri kuvuka kwenda Kenya, na watu wanapita na mabeseni ya ndizi. Nani anaogopa kitu saa saba mchana?

Watu wa Pwani wakisimulia majini huweka marashi, kwato na mwanamke mrembo barabarani. Sisi wa mpakani hatuna anasa hiyo. La kwetu lilikuja na harufu ya matope, tena mchana kweupe, tena kwa fundi aliyejulikana mtaa mzima kwamba hakuna mashine iliyomshinda.

"Boss, si nilikuambia?" Clifford alisema. Alikuwa mpiga video wa upande wa Kenya, kijana wa maneno mengi, mwenye kamera inayoruka na viatu visivyogusa tope. "Hiyo kitu imenizingua wiki mzima. Pastor anataka video yake Jumapili, na kwa kadi ya kamera nilishafuta. Ni hapo tu iko."

Video yenyewe ilikuwa ya ubatizo. Kanisa moja lilikuwa limewazamisha waumini kumi na saba katika mto Malaba, na Clifford alikuwa amepiga kila kitu, kutoka juu na kutoka ukingoni, mpaka faili zikawa kubwa za kumaliza mtu subira.

"Itapita," Okia alisema. "Hii ni waya tu."

Alibadilisha waya. Ikajikata. Akahamisha waya kutoka tundu la mbele akachomeka la nyuma, lenye umeme mzuri zaidi. Ikajikata. Akafikiri labda diski inakula umeme kuliko ule inaopewa, akaiwekea chaja yake yenyewe. Ikajikata. Akazima ile mipangilio ya kompyuta inayokata umeme ili kubana matumizi, akaikagua diski yote kama ina sehemu mbovu, akaambiwa ni nzima. Akajaribu kunakili faili kidogokidogo, kama mtu anayehamisha nyumba kwa baiskeli. Zote zilipita isipokuwa moja, ile ya mtoni, na hiyo ilipofika katikati, tu-dum. Kila mara katikati, mzigo ukiwa mzito kabisa.

Kando ya kibodi palikuwa na kipande cha katoni chenye majina manne. Asubuhi hiyo mama yake, Acom, alikuwa amempigia simu kutoka kwao Molo, huku huku Uganda, akamsomea majina hayo. Mke wake Justine alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku nne zilizopita. Walikuwa wamengoja miaka saba na kuzika mimba mbili kabla ya huyu. Jumamosi mtoto angepewa jina, na Okia alikuwa hajalala vizuri kwa furaha tangu azaliwe.

Kwa Wateso mtoto habandikwi jina tu, huulizwa. Bibi mzaa baba huchovya kidole katika ajono, pombe ya ulezi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina asilolitaka, mtoto hugeuza uso. Analolitaka, hunyonya kidole, na mambo yamekwisha.

Okia alitazama katoni, akatazama diski, na uchovu ukamtia utani mbaya.

"Hii inakataa kwa sababu haina jina," alisema. "Ngoja nifanye kazi ya bibi."

Kila diski ina mahali pa kuandika jina lake. Akaandika EMOJONG, akachovya kidole ndani ya soda yake, akaugusa mgongo wa diski. Clifford akaangua kicheko. Diski ikaenda mpaka arobaini na saba, ikajikata. Akaandika ETYANG. Ikajikata palepale. Akaandika OMAIDO, nayo ikajikata. Akaandika OKANYA, jina la marehemu baba yake, na safari hii diski haikuanza hata kidogo. Ilitoa mkwaruzo wa chuma na taa ikazimika.

"Huyo hata hataki kumsikia," Clifford alisema huku akijipangusa machozi ya kicheko.

Katoni ilikuwa imeisha. Lakini kulikuwa na jina jingine ambalo halikuandikwa. Okia alilisikia akiwa na miaka saba, usiku baba yake aliporudi amelewa, akakaa jikoni analia akiita jina moja tu. Kesho yake mtoto akauliza huyo ni nani. Baba yake, ambaye hakuwahi kumpiga, alimzaba kofi mpaka sikio likavuma siku mbili. Hakuuliza tena. Sasa alikuwa mtu mzima, baba alikuwa kaburini, na ulikuwa utani tu.

Akaandika IKWAP. Akachovya kidole, akagusa.

Taa ya buluu iliacha kupepesa. Ikatulia. Ndani ya diski kukaanza mlio mdogo, tik, tik, tik, mlio wa mtoto anayenyonya kwa pupa. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na nane.

"Eh! Huyo Ikwap ni nani?" Clifford aliuliza.

"Sijui. Mtu wa kwetu."

Ilipofika mia, simu ililia. Ilikuwa Acom, na sauti yake ilikuwa chini, ya mtu anayejificha asisikiwe na Justine aliye chumba cha pili.

"Okia, mtoto nakataa ziwa. Alikuwa nanyonya muzuri, sasa hivi tu akaachia. Mdomo nafunga, nafunga kabisa."

"Labda ameshiba, Mama."

"Mimi nazaa watoto sita. Mtoto ya kushiba mimi najua. Huyu naogopa kitu."

Okia alikata simu, moyo ukimwenda mbio bila yeye kukubali kwamba unamwenda mbio. Ili kujipa kazi akafungua ile video ya mtoni, kuona kama imepita salama. Waumini waliovaa nguo nyeupe waliingia majini, mchungaji akawazamisha, wakatoka wakiimba. Clifford, kwa mazoea ya kazi yake, aliwahesabu kwa midomo. Alipofika kumi na saba hakunyamaza. Nyuma ya mama wa mwisho alikuwa anatoka mtu mwingine, mwanamume, si wa nguo nyeupe, na gunia begani linalomwaga maji, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama anayetaka kushikwa avutwe.

"Nilikuwa hapo," Clifford alinong'ona. "Nilipiga mimi mwenyewe. Huyo hakuwa."

"Ichukue diski yako."

"Zi. Mimi siigusi. Pastor nitamwambia kamera ilianguka kwa maji." Alikwisha kusimama. Alitoka bila kuaga, akakata katikati ya malori kuelekea kwao, na Okia alimwona akivuka mpaka karibu anakimbia.

Okia alichomoa waya. Taa ya buluu haikuzimika. Akaitupia diski ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo, akafunga duka, akapanda bodaboda kwenda Molo. Hayo yote alikuja kuyakumbuka vizuri, hasa ule ufunguo, kwa sababu aliposhuka nyumbani mkoba wake ulikuwa umelowa na mzito begani, na alipoufungua, diski ilikuwa ndani, inasema tik, tik, tik.

Walimkuta muuguzi wa kituo cha afya kabla hajafunga. Alimpima mtoto, akamtazama kinywa. "Homa hana, kidonda hana," alisema. "Mkamulie maziwa kwa kijiko. Kesho ikifika mchana bado nakataa, mpeleke hospitali ya Tororo, watamwekea dripu." Justine alikamua maziwa yake kwenye kijiko, akammiminia mtoto kidogo. Mtoto aliyatema. Yaliyotoka hayakuwa meupe. Yalikuwa maji ya kahawia, yenye harufu ya matope na kahawa mbichi iliyooza guniani.

Justine, binti wa Kisamia kutoka Dabani, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimfuta mtoto mdomo, akamtazama mumewe. "Okia, hii ni nini?" aliuliza polepole. "Mtoto wangu amekunywa wapi maji ya mto?"

Acom ndiye aliyeisikia ile harufu akaijua. Aliporudi nyumbani alimvuta mwanawe nyuma ya jiko, akamshika shati.

"Wewe ulitaja nani?"

Okia alimwambia. Hakuficha kitu, hata soda. Mama yake alikaa chini kwenye kuni.

"Ikwap ilikuwa ndugu ya baba yako," alisema kwa mnong'ono. "Wakati ile ya magendo, walikuwa nabeba kahawa navuka nayo Malaba, napeleka Kenya. Maji ilikuwa mingi. Walikuwa nashikana mkono. Katikati ya mto askari wakapiga risasi, na baba yako..." Alitazama kule mlangoni. "Baba yako akaachia. Ikwap akaenda na gunia yake. Mwili hawakupata. Tukazika mgomba mahali ya mwili. Mtu ya kuzikwa mgomba, hatuwezi kupatia mtoto jina yake. Hana mifupa, hana kaburi. Ukimpatia mtoto, yeye nageuza mtoto kuwa mwili yake."

"Mimi nilimpa mashine, Mama. Sikumpa mtoto."

"Ulichovya kidole?"

Okia alikitazama kidole chake.

Asubuhi walimwita Auma, mjuzi wa mambo ya wafu. Alikuwa mjane wa Kirewa, muuza samaki wakavu katika soko la Molo, na alifika na beseni lake kichwani, maana alisema majini hayawalishi wajukuu wake. Hakuwa na hirizi wala ngozi ya chui. Alimnusa mtoto utosini. Alimwangalia Okia. Akaiangalia diski juu ya kigoda, iliyokuwa imelowesha kigoda chote, asiiguse.

"Hiyo ni njia tu," alisema. "Nani nakaa njiani? Yeye nataka kufika kwa nyumba." Akamsogelea Okia, akapunguza sauti Justine asisikie. "Sikia, mwanangu. Saa saba, saa ile ulimwita, tutamrudisha pale walimwacha. Utaingia maji mpaka kifua. Utashika hiyo kitu chini ya maji. Yeye atakuja, atashika mkono yako. Mwache ashike. Mimi nitaita watu yake wote waliokufa, mmoja mmoja, mpaka mwisho, wakuje wamchukue. Yeye ndiye atakuachia. Si wewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Si mimi nitakayeachia."

Walikwenda wawili tu. Mto Malaba ulikuwa wa kahawia na mpole, wa kumdanganya mtu. Upande wa pili mtoto alikuwa anachunga mbuzi, na jua lilimwaga joto mpaka mawe yakawa hayakanyagiki. Okia aliingia. Maji ya magotini yalikuwa ya uvuguvugu, ya kiunoni yakawa ya baridi, na ya kifuani yalikuwa ya baridi isiyokuwa ya mchana wala ya nchi hii, akaizamisha diski kwa mikono miwili, akaiona taa yake ya buluu ikiwaka kule chini kwenye tope, huku nyuma yake ukingoni Auma akianza kutaja, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kuita watu waje kula, Emojong, Etyang, Omaido.

Kisha kitu kilimshika.

Hakikumshika kwa nguvu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba vidole vitano vilipapasa mkono wake wa kulia taratibu, kama vya kipofu, vikapita juu ya saa, vikapita juu ya mfupa wa kifundo, vikajifunga hapo vikatulia, vikanyonya joto lake lote, na harufu ya kahawa ikapanda kutoka majini ikamjaa puani na kooni, na gunia zito likamwegemea mgongoni ingawa hapakuwa na gunia, likimsukuma chini, chini zaidi, maji yakafika kidevuni, yakafika mdomoni, na Auma bado anataja, bado, majina ambayo Okia hakuwahi kuyasikia, ya mababu wa mababu, na kila jina lilikuwa refu kuliko pumzi yake, na sikioni mwake, karibu kabisa, sauti ya mwanamume mwenye maji kifuani ikasema kwa upole, "Okanya, usiniachie."

Okia aliachia.

Aliung'oa mkono wake, diski ikazama, akajirusha nyuma akapiga mikono, akajikokota mpaka ukingoni, akatapika. Katika kelele za maji aliusikia ule mlio wazi kabisa, wa kushuka, tu-dum. Auma alikuwa ameacha kutaja. Aliuliza neno moja tu.

"Nani ameachia?"

"Yeye," Okia alisema. "Ni yeye."

Auma aliutazama mkono wake wa kulia, ambako alama tano nyeusi zilikuwa zimejichora. Akabeba beseni lake. Akatangulia mbele njia nzima.

Nyumbani, Justine alikuwa amesimama mlangoni akiwa na matumaini usoni, na uso ule Okia hakuweza kuutazama. Mtoto alikuwa amelegea. Utosi umebonyea, midomo imekauka, hata kulia aliacha. Acom alikuwa tayari na kibuyu cha ajono. Hakutaka kungoja Jumamosi. Alichovya kidole, akataja Emojong. Mtoto akageuza uso. Etyang, akageuza. Omaido, akageuza. Alipotaja Okanya, mtoto alitoa sauti ambayo mtoto wa siku tano hana mahali pa kuitoa, mkwaruzo wa chuma, na macho yake yakafunguka.

Acom aliangusha kibuyu.

"Bodaboda iko," Justine alisema akilia. "Twende Tororo. Twende sasa."

"Nendeni," Auma alisema. "Lakini kwa njia huyu hafiki, mama. Mimi siwezi kudanganya wewe." Akamgeukia Okia. "Kuna kitu hujasema."

"Sema!" Justine alimshika mumewe shati, palepale mama yake alipomshika jana. "Kama kuna jina limebaki, sema! Miaka saba, Okia. Nimezika wawili. Huyu sitamzika kwa ajili ya jina. Mimi naomba, sema!"

"Akisema, mtoto atanyonya," Auma alisema. "Ataishi, atanenepa. Lakini jina ikishaingia haitoki tena, na mimi nitakuwa nimekwenda. Niliwapa mlango wa kumtolea. Mtu mwingine ameufunga, na sasa yeye nadanganya."

Okia alimtazama mtoto wake. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo tu, kinasita, kinashuka, na kila kiliposita yeye alikufa. Aliogopa mto kuliko kitu chochote maishani, lakini huu ulikuwa woga mwingine, mkubwa zaidi. Alichovya kidole katika ajono iliyomwagika juu ya mkeka, akakiweka mdomoni mwa mwanawe, akainama, akalisema lile jina.

Midomo ilikibana kidole.

"Ananyonya!" Justine alipiga kelele. Akaanguka magotini akamshukuru Mungu kwa Kisamia na kwa Kiswahili. "Mama, tazama, ananyonya! Amekubali!" Rangi ilikuwa inamrudia mtoto mashavuni. Acom alijifunika uso kwa kitenge. Auma alikuwa ameshatoka. Beseni lake lilionekana kwa mbali likipita juu ya mihogo.

Chumba kilinuka kahawa mbichi. Mtoto alinyonya kwa pupa, tik, tik, tik, huku akimkodolea baba yake macho makavu yasiyopepesa. Mkono wake mdogo wa kulia uliinuka, ukapapasa hewani, ukakipata kifundo cha mkono wa Okia, ukajifunga pale pale penye alama.

"Mama yake ampatie ziwa sasa," Acom alisema kutoka ndani ya kitenge. "Toa kidole."

Okia alivuta. Akavuta tena, kwa nguvu za mtu mzima, mpaka jasho likamtoka. Mtoto hakuachia.